Mgongo wa Picha: Historia Fupi ya Kutumiana Picha Mpakani mwa Tororo na Busia

Utangulizi

Mtu afarikipo katika nchi ya Tororo au ya Busia, swali mojawapo la mwanzo waulizanalo jamaa ni hili: nani ana picha yake? Picha hiyo yatakiwa kwa ratiba ya mazishi, na kwa kuwekwa mbele ya jeneza, na baadaye kwa kutundikwa ukutani. Zamani swali hili lilijibiwa kwa kufungua sanduku. Siku hizi hujibiwa kwa kufungua simu. Ndani ya sanduku aghalabu ilitoka picha moja ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio. Nyuma yake pameandikwa jina, tarehe na salamu. Ndani ya simu hutoka picha nyingi, lakini mara nyingi ile ifaayo ni uso uliokatwa kutoka katika picha ya harusi ya watu arobaini, nao umepita katika simu kumi kabla ya kufika hapo. Mchapaji aukuzapo, macho na mdomo hugeuka miraba kama ususi wa mkeka. Na ukiuliza picha hiyo ilipigwa lini, na nani, na mahali gani, hapana ajuaye.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watu wa pande hizi mbili za mpaka walivyotumiana picha, tangu enzi ya bahasha hadi enzi ya simu. Tutaona kwamba kadiri picha ilivyopewa njia ya haraka zaidi, ndivyo ilivyotakiwa kupunguza uzito wake. Na katika kupunguzwa huko ilipoteza hata ule mgongo wake, yaani maandishi yaliyoshuhudia ni nani, wapi na lini. Jambo hili latuhusu sisi walimu wa lugha, kwa kuwa picha isiyo na maneno haiwezi kusomwa na wale watakaokuja baadaye.

Nchi na watu wake

Merikit ni gombolola katika Wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, na wengi wa wakazi wake ni Wateso. Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza iliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda ikautia katika himaya yake ya Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ukapita katika sehemu za mto Malaba na mto Sio. Wateso wakajikuta katika nchi mbili, na kusini yao Wasamia vivyo hivyo. Tangu hapo shangazi akawa ng'ambo na mpwa akawa huku. Ndugu wawili wakalipa kodi kwa serikali mbili. Watu waliogawanyika namna hii hawakosi haja ya kutumiana habari, na miongoni mwa habari zipendwazo hapana ipitayo sura ya mtu mwenyewe.

Picha zisizosafiri

Kabla ya picha kumfuata mtu, mtu ndiye aliyeifuata picha. Katika vilima vya Chelelemuk, Kaunti ya Busia nchini Kenya, lipo jabali la Kakapel. Na upande wa Uganda, wilayani Kumi, yapo majabali ya Nyero. Mahali pote pawili pana michoro ya kale, duara ndani ya duara, na huko Kakapel wamo ng'ombe pia. Wataalamu wengi huzihusisha zile duara na wawindaji walioishi katika nchi hizi kabla ya kuja kwa wafugaji na wakulima. Aliyetaka kuiona michoro hiyo alilazimika kupanda kilima.

Hata hivyo, majina ya wachoraji hayakuandikwa popote. Tunayoyajua juu ya watu wa pale tumeyapata kwa kuchimba ardhi iliyo chini ya jabali. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 ulieleza kwamba punje ya kunde iliyochimbuliwa Kakapel ina umri wa miaka 2,300 hivi, na kwamba ulezi nao ulilimwa huko tangu angalau miaka 1,000 iliyopita. Basi ardhi ndiyo iliyokuwa mgongo wa picha zile: imetuambia walikula nini, ingawa haikutuambia walikuwa akina nani.

Reli, posta na bahasha

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye ilipata njia nyingine, ikapanda kutoka Nakuru hadi Eldoret, ikavuka mpaka Malaba na kuingia Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Tororo ikawa njia panda, kwani hapo reli ya Mbale na Soroti iliachana na ile ya Jinja na Kampala. Pamoja na abiria na pamba zikasafiri barua. Kuanzia miaka ya 1930 barua zile zilibandikwa stempu zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, hata mwenye kuandika kutoka upande mmoja wa mto Malaba kwenda upande wa pili hakuona kwamba anaandika nchi ya kigeni.

Wakati huo huo upigaji picha ulikuwa umekwisha kuota mizizi katika Afrika Mashariki. Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio yake iliyoitwa Capital Art Studio mwaka 1930. Lamu alikuja kuwako baadaye Omar Said Bakor, na magharibi ya Uganda alikuwako Musa Katuramu, fundi seremala aliyewapiga picha watu wa nchi yake kwa miaka mingi. Lugha nazo zilitafuta jina la kitu hiki. Waswahili, ambao neno lao sanamu lilibeba maana ya mfano wa kuchonga na wa kuchora pia, waliazima neno picha kutoka Kiingereza. Waganda hawakuazima. Walikiita ekifaananyi, kutokana na kitenzi chao okufaanana, ambacho msomaji atatambua mara moja kuwa ni ndugu wa kufanana kwetu. Kwao picha ni kitu kifananacho na mtu. Jina hilo ni ahadi: kwamba kitakachofika mwisho wa safari kitafanana na kilichoondoka.

Ahadi hiyo ilitimizwa vema na bahasha. Mtu alivaa nguo zake nzuri akaenda studio, akasimama mbele ya pazia lililochorwa, akapigwa picha. Fundi aliisafisha, akatoa nakala mbili au tatu, na negativi akaiweka kwake. Nakala moja ilibaki nyumbani na nyingine ilitiwa katika bahasha pamoja na kipande cha karatasi ngumu ili isikunjike. Iliyosafiri ilikuwa nzima sawasawa na iliyobaki. Nyuma yake palikuwa na muhuri wa studio, na chini ya muhuri maneno ya mkono: jina, tarehe, mji, na ombi kwamba picha ipokewe kwa ukumbusho. Pengine mpokeaji hakujua kusoma, akasomewa na mtoto aliyekuwa shule. Hivyo picha ilifika ikiwa na sura mbele na ushahidi nyuma.

Lakini tusiisifu enzi hiyo kupita kiasi. Picha ilikuwa ghali, na wengi walipigwa mara moja au mbili katika maisha yao. Wengine hawakupigwa kamwe.

Miaka ya kukatika

Posta ya pamoja, ambayo tangu Mkataba wa mwaka 1967 ilikuwa shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki, haikudumu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda kwa muda wa siku 90. Waasia ndio waliokuwa na maduka mengi katika miji, na za wapiga picha zilikuwamo. Mwaka 1976 Amin alidai kwamba sehemu za magharibi ya Kenya zilikuwa za Uganda, na mpaka ukaingia wasiwasi. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika.

Ni ajabu, basi, kwamba miaka hiyo hiyo picha nyingi mno zilikuwa zikipigwa na serikali. Wapiga picha wa Wizara ya Habari walimfuata Rais katika mikutano, ziara na sherehe. Mwaka 2015 zilipatikana katika jengo la Shirika la Utangazaji la Uganda, mjini Kampala, negativi zipatazo 70,000 zilizokuwa zimehifadhiwa humo. Nyingi hazikupata kuchapishwa hata mara moja. Shirika hilo, likisaidiana na Chuo Kikuu cha Michigan na kile cha Australia Magharibi, lilianza mwaka 2018 kuzigeuza kuwa faili za kompyuta, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda.

Hapa tuzingatie jambo moja. Negativi zile zilikuwa katika bahasha zilizoandikwa tarehe na shughuli iliyopigwa. Bila ya maandishi yale, mafundi wangekuwa wamefungua kabati lililojaa nyuso zisizo na majina. Kwa kuwa karani fulani wa miaka ile aliona si kazi bure kuandika juu ya bahasha, mwanahistoria wa leo ana mahali pa kuanzia.

Picha yageuka hesabu

Intaneti ilipoingia katika nchi zetu katikati ya miaka ya 1990, picha ilibadilika asili yake. Haikuwa tena karatasi. Ilikuwa hesabu, yaani orodha ndefu ya nambari, kila nukta ya rangi ikiwa na nambari zake. Orodha hiyo ilikuwa nzito kuliko njia iliyopewa. Simu ya waya ya wakati ule, hata ikiwa katika hali bora kabisa, ilipitisha biti 56,000 kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti mbili, ambayo ni biti milioni 16, ilihitaji karibu dakika tano, mradi laini isikatike. Na laini ilikatika mara kwa mara. Sanduku la barua pepe la Hotmail, ambalo watu wengi walilitumia bila malipo, liliweza kuhifadhi megabaiti mbili tu kwa jumla mpaka mwaka 2004. Kwa hiyo rafiki aliyekutumia picha moja kamili alikuwa amekujazia sanduku, na barua zote zilizofuata zilirudishwa.

Dawa ilikuwa kuibana picha. Kanuni itumikayo zaidi, iitwayo JPEG, ilikubaliwa na mataifa mwaka 1992. Huigawanya picha katika miraba midogo, kila mmoja wenye nukta 8 kwa 8, kisha katika kila mraba hubakiza mabadiliko makubwa ya mwanga na kutupa yale madogo ambayo jicho huwa haliyatambui. Ikibanwa kidogo, hasara haionekani. Ikibanwa sana, au ikibanwa tena na tena, mipaka ya miraba hujitokeza. Huo ndio ususi wa mkeka tulioutaja mwanzoni, uonekanao pale picha ya marehemu ikuzwapo.

Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata ya tatu, EASSy. Kabla ya hapo nchi zetu zilitegemea setilaiti, ambazo zilikuwa ghali na za polepole. Uganda haina pwani, hivyo mkongo ulipanda bara kutoka Mombasa kupitia Nairobi ukavuka mpaka Malaba na Busia. Atazamaye ramani ataona kwamba njia ya Malaba ni ile ile ya reli na ya magunia ya barua. Picha nyingi zitokazo Kampala kwenda ng'ambo, na zitokazo ng'ambo kwenda Kampala, hupita karibu na Merikit, ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele.

Simu na kikombe chake

Hata hivyo mto ukipita karibu na nyumba haina maana kwamba mtungi umejaa. Mwanakijiji hachoti kwenye mkongo. Huchota kwa simu yake, na hulipia kila kikombe. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kuwa mtandao mmoja, na watu wa mpakani wakafurahi kupiga simu ng'ambo bila nyongeza. Mwaka 2009 ilianzishwa WhatsApp, ambayo polepole ikawa posta ya jamaa. Lakini mwezi wa Julai 2018 Serikali ya Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu atumiaye mitandao hiyo. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikawekwa ya asilimia 12 juu ya gharama ya intaneti. Katika hali kama hiyo mtu hana budi kupenda picha nyepesi.

Na WhatsApp imempa nyepesi. Kwa desturi yake picha ya kawaida ilipunguzwa mpaka upande wake mrefu usizidi nukta 1,600 hivi. Tupige hesabu. Simu yenye kamera ya nukta milioni 12 hutoa picha ya nukta 4,000 kwa 3,000. Ikifikishwa 1,600 kwa 1,200 zinabaki nukta milioni mbili kasoro kidogo, takriban sehemu moja ya sita. Mpokeaji aitazamaye katika kioo cha simu haoni upungufu wowote. Upungufu huonekana miaka mingi baadaye, siku ambayo uso mmoja katika wale arobaini unahitajiwa peke yake.

Yako mengine yanayopotea kimya kimya. Kamera ya simu, kila inapopiga picha, huandika ndani ya faili tarehe na saa, na ikiruhusiwa huandika na mahali. Huo ni muhuri wa studio wa zama zetu. Mitandao mingi ya kutumiana picha huufuta muhuri huo njiani. Kufuta huku kuna faida yake, kwani si vema kila mgeni ajue nyumba yako iko wapi. Lakini picha inayofika kwa shangazi wa Malaba haina mgongo tena: haina tarehe, haina mahali, wala haina mwandiko wa mtu. Na simu ya kwanza, ile iliyokuwa na nakala kamili, huibwa sokoni, au hutumbukia majini, au huuzwa. Ndipo nakala nyepesi huwa ndiyo nakala ya pekee.

Njia ya kuepuka hasara hii ipo. Picha ikitumwa kama waraka badala ya kutumwa kama picha, hufika nzima pamoja na maandishi yake ya ndani. Na tangu mwaka 2022 WhatsApp inaruhusu waraka wa hadi gigabaiti mbili. Mwaka 2023 iliongeza pia namna ya kutuma picha yenye nukta nyingi zaidi. Tatizo ni mbili: gharama, na kutojua.

Waliorudisha majina

Isidhaniwe kwamba namlaani mwenye kutuma nakala nyepesi. Nakala nyepesi ina kazi ambayo nakala kamili haiwezi. Mwaka 2011 Andrea Stultiens, mpiga picha wa Kiholanzi, pamoja na Canon Griffin wa Uganda, walianzisha kazi waliyoiita History in Progress Uganda. Walikusanya picha za kale kutoka makabati ya watu na ya taasisi, zikiwamo za Musa Katuramu, wakazigeuza faili, kisha wakatandaza nakala ndogo katika mtandao wa Facebook. Watu walioziona wakaanza kusema: huyu namjua, na jengo lile liko mahali fulani. Baadhi ya mikusanyo ile ikatolewa katika mfululizo wa vitabu uitwao Ebifananyi. Kwa njia hiyo nakala nyepesi zilitumwa kwenda kuyatafuta maneno yaliyopotea, na nyingine zilirudi nayo.

Lakini ikumbukwe kwamba Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini Uganda. Aliyekuwa ameziweka picha za ukoo wake huko tu alijikuta amesimama nje ya mlango. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Michoro ya majabali nayo imepata safari yake. Shirika la kuhifadhi sanaa ya majabali ya Afrika, TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na David Coulson, lilipiga picha majabali ya bara zima. Kuanzia mwaka 2013 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilianza kuorodhesha picha za shirika hilo zipatazo 25,000, zikawekwa wazi kwa kila mwenye kompyuta. Ni kazi njema. Picha hizo zikiandikwa nchi na mahali zitasaidia hata kama jabali litavunjwa kwa kokoto au kuchorwachorwa majina na wageni. Hata hivyo msomaji atajiuliza, kama ninavyojiuliza mimi: mtoto wa shule wa Merikit, aliye karibu na Kakapel kuliko mtu yeyote wa London, ameiona picha hiyo? Na kama ameiona, ameiona katika lugha gani?

Kazi ya mwalimu

Hapo ndipo yanapotufikia sisi. Kiswahili ni lugha ya soko la Busia na la Malaba. Tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Maelezo yaandikwayo kwa Kiswahili nyuma ya picha yatasomwa pande zote mbili za mpaka, na Mteso, na Msamia, na Mjapadhola. Basi nashauri mambo matatu.

Kwanza, tuwafundishe wanafunzi tofauti ya nakala nyepesi na nakala kamili, kwa maneno hayo hayo, ili wajue ni ipi ya kutumiwa watu na ni ipi ya kuwekwa. Pili, kila mwanafunzi alete picha moja ya nyumbani kwao, amuulize mzee, na aandike sentensi tano: ni nani, ni wapi, ni lini, nani aliipiga, na kwa sababu gani. Zoezi hili ni insha, ni historia na ni sarufi kwa wakati mmoja. Tatu, sentensi hizo ziandikwe mahali pawili, ndani ya faili na katika daftari la karatasi, kwa kuwa faili huweza kupotea pamoja na simu, nalo daftari huweza kuliwa na mchwa. Ni nadra vyote viwili kupatwa siku moja.

Wazee wawezao kuyataja majina ya watu waliopigwa picha katika studio za miaka ya 1950 na 1960 wanapungua kila mwaka. Wakisha kwenda, nyuso zile zitabaki nasi, safi na nzuri, lakini tutazitazama kama tunavyozitazama zile duara za Kakapel. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naomba kila mwalimu asomaye haya, kabla ya juma hili kwisha, aitwae picha moja ya nyumbani kwake, aigeuze, na aandike.